Waleti imechomolewa: dalili utakazoziona na chanzo cha kila moja

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa pale Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni. Kibanda kina mwavuli, kiti cha plastiki na simu nne. Kila baada ya siku chache anakuja mtu anajipapasa mfuko wa nyuma wa suruali mara ya tatu, ya nne, kama vile kitu kitarudi akiendelea kupapasa. Namjua kabla hajafungua mdomo. Amechomolewa waleti.

Hata mimi nimechomolewa. Ilikuwa kwenye daladala ya kutoka Igoma, Jumatatu asubuhi, tumebanana kama dagaa kwenye gunia. Konda aliponichezeshea sarafu sikioni kudai nauli, nikatia mkono mfukoni nikagusa kitambaa kitupu. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya nyanya akanilipia, nikashuka Mabatini miguu imelegea. Kwenye waleti mlikuwa na elfu arobaini na tatu, kitambulisho cha NIDA, leseni, kadi ya benki, na kopi ya NIDA iliyokunjwa mara nne, ambayo nyuma yake niliandika namba yangu ya simu kwa kalamu ya bluu nilipokuwa nafuatilia mambo ya ofisi fulani. Siku ile nililia hela. Kopi hata sikuikumbuka mpaka miezi mitatu baadaye, na nitakueleza ilivyokuja.

Niliyoandika hapa yamepangwa kwa dalili. Tafuta unachokiona kwenye simu yako au unachokisikia kwa ndugu, soma chanzo chake, fanya linalotakiwa. Lakini kwanza ujue mwizi amebeba nini.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kadi ikiibwa utapewa nyingine, ila namba inabaki ile ile mpaka unazikwa. Huwezi kuibadilisha kama unavyobadilisha kitasa. Watu wakisikia hivyo wanaishiwa nguvu, bure tu, kwa sababu namba peke yake haifungui mlango. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na laini ambazo hazikuhakikiwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Tangu hapo laini haisajiliwi kihalali bila kidole. Pesa ya simu haitoki bila namba ya siri. Benki nayo hukutumia namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Kwa hiyo mwenye kadi yako ya NIDA ana chambo tu mkononi. Anachokitafuta ni kidole, namba ya siri, au ile meseji ya uthibitisho, na vyote hivyo unavyo wewe. Atakuja kukuomba umpe kwa hiari yako.

Dalili: waleti haipo, simu unayo, hakuna kingine kilichotokea

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, maana wanaanza na polisi au wanaanza na kulia. Anza na kadi ya benki. Piga namba ya huduma kwa wateja ya benki yako, au ingia kwenye menyu ya benki kwenye simu, ufunge kadi papo hapo. Wa NMB wanaijua *150*66#, wa CRDB wanaijua *150*03#; kama menyu yako haina sehemu ya kufunga kadi, piga simu au nenda tawini.

Haraka ya nini, na kadi ina namba ya siri? Nina mteja, mama anayeuza sangara wa kukaanga, aliyechomolewa pochi asubuhi sokoni. Alipofika kwangu saa nne nilimuuliza kwa upole, "Mama, namba yako ya siri umeitoa wapi?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwaka wangu, baba." Kadi ya benki na kitambulisho vilikuwa pochi moja. Mashine inakuvumilia ukosee mara kadhaa kabla ya kuizuia kadi, na mwizi wake hakuhitaji hata mara ya pili, kwa sababu mwaka umeandikwa kwenye kitambulisho kilichokuwa mle mle pochini. Kama wewe nawe unatumia mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto wa kwanza, badilisha kwenye benki na kwenye pesa ya simu kabla hujaendelea kusoma. Wa M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas *150*01#, HaloPesa *150*88#, na humo ndani kuna sehemu ya akaunti yako ya kubadili namba ya siri.

Ukimaliza piga *106#. Hiyo ni menyu ya kuhakiki usajili, inakuonyesha namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ziandike kwenye daftari leo. Leo hazina maana kubwa, ila ukipiga tena baada ya mwezi utajua ipi ni mgeni.

Kisha rudi ulikoibiwa. Kibaka anataka hela. Waleti inamchoma mkono, anaitupa mahali pa karibu. Ukiwa stendi ya Nyegezi au Buzuruga ulizia ofisi ya stendi, mwangalizi wa choo, na wale mama wa chai wanaofagia mapema. Leseni yangu ilipatikana kwa mama wa vitumbua kando ya mtaro, imelowa lakini inasomeka. Zamani kulikuwa na kazi nzuri ya vibaka kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 magari yanapita moja kwa moja, na nina hakika wale vijana hawajaacha kazi, wamehama tu.

Dalili: mtu usiyemjua anapiga, "nimeokota waleti yako"

Inaweza kuwa kweli. Mwanza bado ina watu wa kuokota na kurudisha, wengine hupeleka msikitini au kanisani ikatangazwa. Lakini jiulize namba yako ameipata wapi. Kama ilikuwa imeandikwa mahali ndani ya waleti, sawa. Kama haikuwamo, unaongea na mwizi au mshirika wake.

Namna ya kumpima ni rahisi. Mtu mwema anakubali mkutane mchana kwenye watu, au anakubali kuiacha kituo cha polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa. Tapeli ana safari. Yuko njiani kwenda Bukoba, meli inaondoka, umtumie elfu kumi ya kumpa mtu akuletee. Na yupo wa aina mbaya zaidi, ambaye haombi hela: anasema kuna meseji ya namba itakuja kwenye simu yako, umsomee "nihakikishe kama ni wewe". Huyo ana kadi yako mkononi na yuko kwenye ukurasa wa kuingia akaunti yako, amekwama kwenye hatua ya mwisho. Usimsomee. Kata simu, badilisha namba za siri.

Dalili: benki imekutumia meseji ya muamala usioufanya

Soma meseji vizuri kabla ya kupiga kelele, kwa sababu aina ya muamala ndiyo inayokuambia chanzo. Ikiwa ni kutoa hela kwenye mashine, aliyeitumia anajua namba yako ya siri: aliiotea kwa mwaka, aliikuta imeandikwa, au ni mtu wa nyumbani. Samahani kwa hilo la mwisho, lakini nimeliona zaidi ya mara moja. Ikiwa ni manunuzi ya mtandaoni, hahitaji namba ya siri. Zinamtosha namba za mbele ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma. Ikiwa ni vimuamala vidogo vidogo vya dukani, angalia kama kadi yako ina alama ya mawimbi, maana hizo hulipa kwa kugusisha tu.

Funga kadi, nenda tawini siku hiyo hiyo, uandike malalamiko kwa maandishi na uondoke na nakala yenye mhuri. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na kitu cha kwanza watakachokuuliza ni ile nakala.

Dalili: simu imepoteza mtandao ghafla na haurudi

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoipuuza. Mtu anaona "dharura tu" juu ya kioo, anasema leo mtandao unasumbua, analala. Asubuhi salio ni sifuri.

Chanzo kinaweza kuwa kitu cha kawaida kabisa. Ukiwa ndani ya meli katikati ya maji kwenda Nansio, mtandao huja na kupotea, hilo halina mchawi. Laini inaweza kuwa imechakaa au imetikisika kwenye kitundu chake. Lakini inaweza pia kuwa namba yako imerudishwa kwenye laini nyingine, na sasa inafanya kazi kwenye simu ya mtu mwingine, ambaye meseji zako zote za uthibitisho zinamfikia yeye.

Kutofautisha kunachukua dakika tano. Tafuta mtu wa karibu mwenye mtandao kama wako. Kama na yeye hana, subiri, shida ni ya mnara. Kama yeye anao, chomoa laini yako uiweke kwenye simu yake. Ikifanya kazi, simu yako ndiyo mbovu. Isipofanya kazi, tumia simu yake kuipiga namba yako. Ukisikia "haipatikani", huenda laini imekufa tu. Ukisikia inaita, na simu yako iko kimya mkononi, basi inaita kwa mwingine.

Hapo usikimbilie nyumbani kuuliza ushauri. Kwa simu ile ile ya jirani piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yote nchini, uombe laini na akaunti ya pesa vifungwe. Halafu piga benki, waambie waondoe huduma ya simu kwenye namba hiyo kwa muda. Kisha nenda wewe mwenyewe kwenye duka la mtandao wako, si kwa kijana wa mwavuli, uirudishe namba kwa kidole chako. Nasema si kwa kijana wa mwavuli na mimi mwenyewe ni wa mwavuli. Siku hiyo unataka mtu mwenye kiti, kompyuta na bosi juu yake.

Kurudisha laini kihalali kunadai kidole cha mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta imerudishwa kwingine, ama kuna aliyefanya uovu akiwa upande wa ndani wa kaunta, ama kidole chako kilitumika siku fulani ukidhani unafanya jambo jingine. Waulize dukani ilirudishwa lini na wapi, uwaombe waandike. Polisi wataitaka.

Dalili: "huduma kwa wateja" anakupigia na anakutajia namba yako ya NIDA

Sasa ile kopi yangu. Miezi mitatu baada ya daladala ya Igoma, saa saba mchana, jua la Kirumba limesimama juu ya mwavuli na nina wateja wawili, simu ikaita. Sauti ya dada, laini, ya kiofisi. "Habari za kazi kaka? Nakupigia kutoka kitengo cha uhakiki." Akanitajia majina yangu matatu kwa mpangilio wa kwenye kitambulisho, na jina la katikati ambalo hata mke wangu halitumii. Akanisomea namba ya NIDA, zote ishirini, polepole, akivuta pumzi kwenye vistari. Akasema laini yangu ina tatizo la usajili, itafungwa saa kumi, nibonyeze namba fulani halafu nimsomee tarakimu zitakazokuja.

Mimi ni wakala. Nimewaonya watu juu ya jambo hili mpaka sauti imekauka. Na bado kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kioo. Ilinichukua muda kuelewa kilichonishika: alipokuwa ananisomea namba yangu, nilijiona tayari nimehakikiwa, kama mtu aliyefika dirishani na karani ameshalishika faili lake. Nilinusurika kwa sababu mteja aliniharakisha, "Kaka, hela yangu." Nikamwambia yule dada asubiri, nikaitazama namba iliyopiga. Ilikuwa namba ya kawaida kabisa, tarakimu kumi, inaanza na sifuri.

Mitandao yetu huwapigia wateja kwa 100. Ikikupigia namba ya mtu binafsi ikasema ni kitengo, hata kama inajua jina la bibi yako mzaa mama, huyo ni tapeli. Kujua namba yako hakuthibitishi lolote. Kunathibitisha tu kwamba kadi au kopi yako imepita mkononi mwake. Meseji za namna hii, na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", zisambaze kwenda 15040, utaombwa kuandika namba iliyokutumia. Ni bure, iliwekwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Dalili: *106# inaonyesha namba usiyoijua

Usishtuke kwanza, kaa chini ukumbuke. Wengi wanaonijia na hofu hii tunakaa nao dakika kumi wanakumbuka: ni laini aliyomsajilia mama yake kijijini Magu, au mdogo wake aliyekuwa hajapata NIDA, au ya msichana wa kazi aliyeondoka mwaka juzi. Hiyo ya mwisho si ya kuchekea. Laini iliyo kwa jina lako ni yako, popote ilipo. Akiitumia kutapeli, atakayetapeliwa ataona jina lako pale simu inapomuuliza kama athibitishe kutuma. Namba hizo ziondoe kwenye jina lako, mwenye kuitumia akasajili kwa kidole chake.

Zikibaki usizozikumbuka kabisa, chanzo nikijuacho vizuri kuliko vingine ni kidole cha pili. Unaenda kusajili laini. Kijana anakuambia weka kidole, unaweka. Anatazama simu yake, anakunja uso. "Mtandao unasumbua, weka tena." Unaweka tena. "Jaribu cha kushoto." Unaweka. Anakupa laini yako, mnaagana vizuri, na yeye amebaki na laini nyingine moja au mbili zilizosajiliwa kwa jina lako, za kuwauzia wanaozitaka. Wakati mwingine mtandao unasumbua kweli. Mimi mwenyewe huwaambia watu warudie. Lakini una haki ya kuona kioo. Mwambie, "Nionyeshe ilipokataa." Mkweli atageuza simu. Na kabla hujaondoka piga *106# palepale, mbele yake.

Waleti iliyoibwa inaingia hapa kwa njia moja: mwenye kadi yako anajua jina na namba ya kukutajia, anakuja mtaani kama "wakala wa uhakiki" au mgawaji wa zawadi, na mashine ya kidole mkononi. Mtu anayekufuata nyumbani kuchukua kidole chako, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza.

Namba usiyoitambua ikane kwenye menyu hiyo hiyo ya kuhakiki, kisha nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ikafungwe. Usiipige kumtukana aliyenayo. Najua mkono unawasha.

Dalili: unadaiwa mkopo usiouchukua

Vyanzo ni vitatu, na vinachanganywa sana.

Wa kwanza ni wewe mwenyewe. Huduma kama Songesha hukujazia pale salio linapopungua wakati wa kulipa, na mtu akisahau aliwahi kuikubali anadhani ameibiwa. Angalia kwenye menyu ya pesa yako kama kuna deni la namna hiyo kabla ya kwenda popote.

Wa pili ni rafiki yako. Programu za mikopo ya simu, zile ambazo mtaani tunaziita kausha damu, zilikuwa zinachota majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa wanawapigia shemeji, mchungaji, bosi. Ukipigiwa na mtu anayetukana, muulize jina la mkopaji. Akitaja la mtu mwingine, hujaibiwa utambulisho, umesumbuliwa tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingine zimejibadilisha majina, kwa hiyo uliza kila mara kama kampuni ina leseni ya Benki Kuu.

Wa tatu ndio wizi wenyewe: jina ni lako, namba ya NIDA ni yako, simu iliyotumika si yako. Huo mkopo usilipe "ili wakuache". Ukilipa hata elfu tano umekiri. Waandikie kwamba huutambui, taja tarehe ya kuibiwa kwa waleti, ambatisha karatasi ya polisi. Kisha omba ripoti yako kwenye kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji kwa leseni ya Benki Kuu, Creditinfo au Dun & Bradstreet. Humo utaona kama kuna deni jingine lililokaa kimya kwa jina lako, la aina utakayokuja kuligundua siku umeenda benki kuomba mkopo wa kununua injini ya mtumbwi.

Polisi na makaratasi

Ukishafunga kadi na kubadili namba za siri, nenda kituo cha karibu. Sema *imeibiwa*, usiseme imepotea. Kuna ripoti ya upotevu, ambayo siku hizi unaweza kuiomba hata mtandaoni kwenye mfumo wa polisi, nayo ndiyo ofisi nyingi zitakayoitaka ili zikupe kitambulisho kingine. Na kuna RB, namba ya jalada la tukio la wizi. Ichukue RB hata kama askari anakuambia waleti haitapatikana. Haitapatikana kweli. Unachokitaka ni tarehe na saa, kwenye kitabu cha serikali, zinazoonyesha kwamba kuanzia pale nyaraka hizi hazikuwa mkononi mwako. Laini ya jina lako ikitumika kumtapeli mtu Sengerema wiki ijayo, hiyo ndiyo karatasi utakayoiweka mezani. Ziorodheshe nyaraka moja moja kwa namba zake, usiseme "vitambulisho". Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo askari akikuambia hilo ni suala la kampuni ya simu tu, mtajie sheria hiyo kwa heshima.

Huna kitambulisho chochote cha kukutambulisha? Anza na barua ya mtendaji wa mtaa. NIDA unaenda ofisi ya wilaya, Nyamagana au Ilemela, na ripoti ya polisi, unalipia kwa namba ya malipo watakayokupa. Leseni inaishia TRA. Kadi ya mpigakura husubiri Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikiboresha daftari. Kadi ya bima ya afya itoe taarifa NHIF mapema, watu hutibiwa kwa majina ya wenzao na historia yako ikaingia malaria na presha zisizo zako.

Kwenye waleti sasa

Yangu ina hela ya siku, kadi moja ya benki, basi. NIDA hutoka nyumbani siku ya shughuli na hurudi siku hiyo hiyo. Namba yake nimeikariri. Nikitoa kopi, naandika juu ya picha, kwa mshazari, inakokwenda na tarehe, ili isifae kwingine. Iliyoharibika kwenye mashine naondoka nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo inapokea malalamiko, lakini sheria haijafika kwenye boksi la makaratasi lililo chini ya meza ya stesheneri.

Najua kwa sababu juzi nilinunua karanga za mia tano pale kwenye kivuko cha Kamanga. Nilipozimaliza nikakunjua kile kikaratasi nipanguse chumvi. Sura ya mama mmoja ikanitazama, amejifunga kitambaa kichwani, na chini yake tarakimu ishirini zote, kuanzia 1979. Kuna aliyeongezea namba ya simu kwa kalamu pembeni. Nikafikiri, huyu lazima nimwambie. Nikapiga.

"Shikamoo mama. Samahani, nimeokota kopi ya kitambulisho chako hapa Kamanga…"

"Marahaba," akasema, sauti imekauka. "Haya, nikutumie shilingi ngapi?"

Kabla sijajibu akakata. Kikaratasi nilikichoma kwenye jiko la muuza karanga.